Zebaki si kitu cha kuchezea

Wahenga walinena kwamba mchezea zuri, baya humfika. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikaitungia maswali na kuyasahihisha majibu yake, bila ya kutambua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wale waliolengwa nayo. Leo naomba ruhusa ya wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu, niwasimulie kisa kilichonipata katika shule moja ya upili hapa Amu, ili tupate kulijadili jambo ambalo naona tumelifumbia macho kwa muda mrefu mno. Jambo lenyewe ni zebaki.

Nilikuwa nikifundisha Kemia, na kwa sababu ya uhaba wa walimu nikatwishwa na vipindi vya Kiswahili. Asubuhi moja ya kaskazi, wanafunzi wa Kidato cha Pili wakipima joto la maji, kipimajoto kilimponyoka mmoja wao kikavunjika juu ya meza. Vitone vya rangi ya fedha vikatawanyika, vikaviringika na kukimbizana kama vitu vyenye uhai. Darasa zima likaacha kazi. Watoto wakavifukuza kwa vidole, wakavigawa na kuviunganisha, huku wakicheka. Mvulana mmoja alichota kitone akakitia ndani ya kifuniko cha kalamu ili akawaonyeshe wadogo zake nyumbani.

Mimi je, nilifanya nini? Nilicheka nao. Nilikiokota kitone kwa mkono wangu nikawaonyesha jinsi metali inavyoweza kutiririka kama maji, na nikaona kwamba Mungu ameniletea somo zuri kuliko lile nililoliandaa. Baadaye nikaagiza ufagio uletwe. Mengine yakafagiwa hadi mlangoni, mengine yakaingia katika nyufa za sakafu, nasi tukaendelea na kipindi.

Jioni, nilipokuwa nikitawadha, niliona pete yangu ya dhahabu, ile niliyovishwa siku ya harusi, imegeuka nyeupe kama iliyopakwa majivu. Nilishtuka mno. Siku ya pili nikaenda kwa sonara mmoja mzee, katika kichochoro nyuma ya barabara kuu ya mji. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea pete akaigeuzageuza.

“Mwanangu,” akaniambia, “pete hii imekunywa zebaki. Dhahabu na zebaki zikikutana haziachani mpaka zitengwe na moto.”

Akaiweka penye makaa, akavuvia, na baada ya muda pete ikarudia rangi yake. Tulikuwa wawili katika chumba kisicho na dirisha, mimi nikitazama kwa furaha na yeye ameinamia moto. Nilimlipa, nikamshukuru, nikaenda zangu. Ilinichukua miaka kadhaa kujiuliza swali ambalo mwalimu wa kemia alipaswa kulijua jawabu lake papo hapo. Ile zebaki iliyoondoka katika pete ilikwenda wapi?

Jawabu, msomaji mpenzi, ni kwamba ilikwenda katika hewa, na hewa ile ikaingia katika mapafu yetu. Kitu hakitoweki duniani kwa sababu tu macho yameacha kukiona. Hilo ndilo fundisho la kwanza la kemia, na ndilo fundisho ambalo sisi wenye kulifundisha tumelisahau.

Zebaki ni elementi ya 80 katika jedwali, nayo ni metali pekee iliyo kioevu katika joto la kawaida. Huganda panapokuwa na baridi ya takriban nyuzi 39 chini ya sifuri, na uzito wake ni zaidi ya mara 13 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Mambo hayo yamo vitabuni na wanafunzi huyakariri. Lisilotiliwa mkazo ni kwamba zebaki huvukiza bila ya kupashwa moto. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu akimeza kitone cha metali hiyo, aghalabu kitapita tumboni bila ya kufyonzwa ila kwa kiasi kidogo mno. Lakini akiuvuta mvuke wake, karibu asilimia 80 ya kile alichokivuta huingia katika damu, na kutoka hapo hufika kwenye ubongo na figo. Kwa hivyo, kitone kilichojificha katika ufa wa sakafu kwa miezi mingi kina hatari kuliko kile tunachokiogopa kikiwa mkononi.

Dalili za sumu hii huja polepole, na hilo ndilo linalowapumbaza watu. Mikono hutetemeka. Usingizi hupotea. Mtu aliyekuwa mpole hugeuka kuwa mwepesi wa hasira, na aliyekuwa hodari wa kukumbuka husahau. Fizi huvimba, figo hudhoofika. Huko Ulaya, katika karne ya 18 na ya 19, mafundi wa kofia waliotumia chumvi za zebaki kutayarishia manyoya walipatwa na maradhi haya kwa wingi, na watu wakawadhihaki kuwa ni wendawazimu. Ilhali kazi yao ndiyo iliyowapa ugonjwa.

Sasa kuna sura nyingine ya zebaki, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tuliozungukwa na bahari. Zebaki inapofika kwenye matope yasiyo na hewa ya oksijeni, mathalani yale ya vinamasi na mikoko, bakteria waishio humo huweza kuigeuza ikawa zebaki ya methili. Hii ni sumu kali kupita metali yenyewe. Huingia katika viumbe vidogo vya majini, navyo huliwa na samaki wadogo, nao huliwa na wakubwa wao. Katika kila hatua ya ulaji sumu huzidi kujilimbikiza, kwa kuwa mwili huipata upesi na kuitoa polepole. Kwa sababu hiyo papa, samsuri na jodari mkubwa hubeba zebaki nyingi kuliko tasi alaye majani au dagaa aishiye muda mfupi. Mama mjamzito akiila, hupenya hadi kwa mtoto aliye tumboni na kuudhuru ubongo unaoumbika.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba samaki wa Amu, Pate, Faza au Kizingitini wana sumu, wala simkatazi mtu kitoweo alichokirithi kwa mababu. Samaki ni chakula bora, na aliye mjamzito hana haja ya kumkimbia bali kuchagua wadogo badala ya wale wakubwa walao wenzao. Nisemalo ni kwamba Wilaya ya Lamu ya zamani, ambayo sasa ni Kaunti, ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na watu wake huishi kwa bahari. Mahali penye matope mengi ya mikoko na watu wengi walao samaki, pana sababu kubwa kuliko kwingine ya kuizuia zebaki isifike majini.

Anayedhani haya ni maneno ya kutishia watoto na autazame mji wa Minamata nchini Japani. Watu wake walikuwa wavuvi kama sisi. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga majitaka yenye zebaki ya methili katika ghuba yao. Kwanza paka walianza kuyumba na kuruka kama wachezao ngoma, wengine wakatumbukia baharini. Tarehe 1 Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda hicho, Hajime Hosokawa, alitoa ripoti rasmi juu ya maradhi ya watu yasiyojulikana. Mwaka wa 1959 yeye mwenyewe alimlisha paka majitaka ya kiwanda, na paka akapatwa na ugonjwa ule ule. Matokeo hayo yalifichwa. Kiwanda kiliendelea kumwaga sumu hadi mwaka wa 1968, na ni mwaka huo ndipo serikali ya Japani ilipokiri chanzo cha maradhi. Watu zaidi ya 2,000 walitambuliwa rasmi kuwa waathiriwa, na wengi wengine wakaendelea kudai haki yao mahakamani. Miaka 12 ilipita tangu ripoti ya daktari hadi siku ya kukiri, na katika miaka hiyo yote watoto walizidi kuzaliwa na viungo vilivyopooza.

Iraki nayo ina kisa chake. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1971 kuingia 1972, wakulima waligawiwa mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya zebaki ili zisiliwe na kuvu. Zilipakwa rangi nyekundu ziwe na alama, na magunia yalikuwa na maandishi ya onyo kwa lugha za kigeni ambazo mkulima hakuzijua. Wengi waliziosha, wakaona rangi imetoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Wakazisaga wakaoka mikate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini na 459 kati yao wakafa. Walimu wenzangu, nawaomba mlizingatie jambo hili. Onyo liliandikwa na sheria ikatimizwa, lakini aliyehitaji kuonywa hakuonywa, kwa kuwa hakuambiwa kwa lugha yake.

Hapa kwetu mlango wa zebaki si viwanda peke yake. Umo hata ndani ya mikoba ya wanawake. Zipo sabuni na krimu za kuchubua ngozi zenye chumvi za zebaki, na baadhi ya wauzaji huzisifu kwa mabibi harusi na wasichana wa shule. Mwaka wa 1972 madaktari jijini Nairobi walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa 60 wa figo, na wakaona kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za aina hiyo. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwaka wa 1998. Hata hivyo, bidhaa za magendo hazipigi hodi. Huja bila ya maelezo, au huja zimeandikwa jina kama kalomeli, ambalo mnunuzi hajui kuwa ni zebaki iliyobadilishwa vazi. Bibi zetu walimsinga bibi harusi kwa singo la liwa na maua, akang'ara bila ya kudhurika. Leo tunamnunulia mtoto wetu sumu kwa fedha taslimu, kisha tunashangaa uso unapovimba asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mlango wa pili ni moto wa makaa ya mawe, na hapa hapana mkaazi wa Lamu asiyekuwa na la kusema. Makaa ya mawe yana chembechembe za zebaki zilizolala ndani yake kwa mamilioni ya miaka. Yakichomwa, zebaki hupanda na moshi, na baadaye hurudi duniani pamoja na mvua na vumbi. Katika hesabu za Umoja wa Mataifa, uchomaji wa makaa ya mawe ni wa pili kwa kuimwaga zebaki hewani, ukitanguliwa na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mwezi wa Septemba 2016 Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa leseni ya kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, bara ya visiwa vyetu. Wananchi kupitia shirika la Save Lamu na wenzao wakaenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo lilifuta leseni hiyo, likisema kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo na kwamba uchunguzi wa athari ulikuwa na kasoro. Mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliikataa rufaa ya kampuni.

Wapo waliohuzunishwa na hukumu hizo, na si haki kuwabeza. Kijana mmoja wa Mokowe aliwahi kuniambia, “Mwalimu, hiyo zebaki siioni, lakini njaa naiona.” Sikuwa na jawabu la haraka. Kijana asiye na kazi ana haki ya kuutaka umeme, bandari na kiwanda. Lakini ana haki nyingine pia, nayo ni kuelezwa kabla ya kukubali, kwa lugha anayoielewa, kitakachotoka katika dohani na mahali kitakapoangukia. Mtu hukubali au hukataa jambo alilolijua. Asiyelijua huwa ameamuliwa tu. Ukichunguza utaona kwamba kiini cha uamuzi wa mwaka wa 2019 kilikuwa ni hicho, na kwa hakika ni suala la elimu kabla ya kuwa suala la sheria.

Sheria tunazo. Tangu mwaka wa 1999 tuna sheria ya mazingira iliyoiunda NEMA. Tangu mwaka wa 2007 tuna sheria ya usalama na afya kazini. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Tuna Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Fauka ya hayo, uamuzi wa kuanza majadiliano ya mkataba wa dunia kuhusu zebaki ulipitishwa jijini Nairobi mwezi wa Februari 2009. Mkataba wenyewe ulipewa jina la Minamata, ukatiwa saini mwezi wa Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Miongoni mwa yaliyomo, ulizitaka nchi wanachama kusimamisha ifikapo mwaka wa 2020 utengenezaji na uingizaji wa vipimajoto na vipodozi vyenye zebaki. Kenya ilitia saini mwanzoni kabisa, lakini haikuuridhia hadi mwaka wa 2023. Miaka 10 yote, ilhali mbegu ya mkataba ilipandwa uani mwetu!

Upungufu wetu basi si wa maandishi bali wa utekelezaji. Tazameni yaliyowapata majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kiliwalisha wakaazi sumu ya risasi. Walishinda kesi mwaka wa 2020 wakatunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakaipoteza kwenye rufaa mwaka wa 2023, na hatimaye Mahakama ya Juu ikawarudishia mwezi wa Desemba 2024. Haki ilipatikana, naam, lakini damu ya mtoto iliyokwisha kuingia risasi haioshwi kwa hukumu.

Kwa hiyo tuanze palipo karibu nasi, yaani katika maabara zetu. Walimu wenzangu, fungueni makabati. Vipimajoto vya zebaki vitolewe, vifungwe vizuri, na ofisi zinazohusika ziarifiwe ili vihifadhiwe kwa usalama. Mahali pake pawekwe vile vya alkoholi. Ikiwa kimoja kitavunjika kabla ya siku hiyo, watoeni wanafunzi nje na mfungue madirisha. Vueni pete na bangili. Msitumie ufagio, kwa kuwa huvunja vitone vikawa vingi zaidi. Visukumeni kwa kadi ngumu, vidogo vinaseni kwa utepe wa gundi, na vyote vitieni katika chupa yenye maji kidogo na kifuniko cha kukaza. Msimwage katika mfereji, na msichome moto. Unga wa kiberiti ukinyunyizwa katika nyufa husaidia kuishika ile iliyobaki.

Asiwepo wa kusema kwamba tahadhari hizi ni za wasiojua kazi. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, bingwa wa kuchunguza sumu za metali. Mwezi wa Agosti 1996 matone machache ya zebaki ya dimethili yalidondoka juu ya glavu yake. Alikuwa amevaa glavu kama alivyoagizwa, lakini haikujulikana kwamba kemikali ile hupenya glavu za aina hiyo. Alifariki mwezi wa Juni 1997. Kanuni za maabara zikabadilishwa baada yake. Ikiwa bingwa aliyejihadhari alifikwa na hayo, sembuse mimi niliyekiokota kitone kwa mkono mtupu mbele ya watoto wa watu?

Namalizia kwa yule mvulana wa kifuniko cha kalamu. Nilikutana naye si zamani sana gatini, sasa ni nahodha na ana watoto. Tulikumbushana ya shuleni, nami nikapata ujasiri wa kumwuliza kile kitone kiliishia wapi. Akacheka, akasema, “Kilinimwagikia usiku, Mwalimu, kikapotelea sakafuni chumbani mwetu. Tulikitafuta kwa kurunzi, mimi na wadogo zangu wanne, hatukukiona.”

Watoto watano walilala katika chumba hicho, sijui kwa miaka mingapi. Hapana daktari aliyeniambia kuwa walidhurika, wala hapana aliyeniambia kuwa hawakudhurika, kwa sababu hapana aliyewahi kuwapima. Siku ile nilimweleza yote pale pale gatini, na nikamwomba radhi. Alininyamazia kidogo, kisha akaniuliza kama nyumba ile wanaweza kuichimba sakafu. Nikamwambia waichimbe, na nikamweleza namna ya kuifanya kazi hiyo.

Nawaachia walimu wenzangu swali hilo hilo. Katika kabati la maabara yako kuna nini, na mwanafunzi wako amebeba nini kwenda nacho nyumbani? Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa maradhi ya zebaki tiba yenyewe ni haba.